Kovu la Kiwandani

Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani iliingiza sokoni mwanasesere wa kiume aliyeitwa G.I. Joe. Alikuwa na urefu wa kama sentimita 30, viungo vinavyokunjika, sare za kubadilisha, na kovu kwenye shavu la kulia. Kovu hilo halikuwa na hadithi yoyote. Hakuna kisu kilichompitia, hakuna vita alivyotoka. Liliwekwa kwa ajili ya biashara: umbo la binadamu huwezi kulidai kuwa ni mali yako, lakini binadamu mwenye kovu mahali fulani, na kucha ya dole gumba iliyokaa upande usio wake, huyo utamtambua mara moja akighushiwa na wengine. Yaani jeraha likafanywa nembo.

Hasbro pia hawakutaka aitwe mwanasesere. Waliogopa kwamba wavulana wasingekubali kucheza na kitu chenye jina la vitu vya dada zao, kwa hiyo wakamtungia jina jingine lenye maana ya sanamu ya vitendo, na jina hilo limebaki mpaka leo. Kiswahili hakikusumbuka hivyo. Kwetu ni mwanasesere, au mdoli kama umekulia mjini, awe ameshika bunduki au chupa ya maziwa. Humu nitasema mwanasesere, na wapenzi wa mambo haya wanisamehe. Najua wapo wanaokasirika.

Nimelikumbuka kovu la G.I. Joe kwa sababu nimeitazama tena *Marwencol*, dokumentari ya Jeff Malmberg ya mwaka 2010, na safari hii niliitazama nikiwa na brashi mkononi.

Habari ya brashi ni hii. Mwaka jana pale Karume, kwenye turubai la mitumba ya vitu vya watoto, nilimkuta askari wa plastiki, saizi ileile ya sentimita 30, hana bunduki, hana kofia, buti moja limetafunwa. Muuzaji alitaka elfu tano, tukamalizana kwa tatu. Nilikuwa na wazo nililolipata kwenye video nilizokuwa nikizitazama usiku badala ya kulala: watu wazima, na akili zao timamu, wanachukua wanasesere wa dukani, wanawavua nguo, wanawabadilisha vichwa na mikono, wanawapaka rangi upya, halafu wanawachakaza. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyoninasa. Kitu kipya kinafanywa, kwa makusudi na kwa saa nyingi, kionekane kimeishi.

Ni kazi yenye kanuni zake. Unaanza na msasa mwepesi ili rangi ishike, hasa kwenye maungio, maana akriliki ikipakwa nene kwenye kiwiko itabanduka mara ya kwanza tu ukikunja mkono. Rangi ya kupuliza nayo ina usaliti wake: zipo plastiki laini ambazo ukizipulizia rangi isiyoelewana nazo zinabaki zinanata wiki nzima, mwezi mzima, milele. (Wangu ana paja la hivyo. Vumbi lote la Dar es Salaam limehamia pale, nami nikajifanya nimekusudia.) Baada ya rangi ya kwanza unapitisha nyeusi au kahawia iliyochanganywa na maji mengi, ile inayokimbilia kwenye mikunjo na kutuama humo kama uchafu wa kweli. Ikikauka unachukua brashi iliyo karibu kavu na kugusa miinuko tu: pua, vifundo vya vidole, ukingo wa mfuko. Ukitaka chuma kilichobanduka, unapaka kwanza rangi ya kutu, unapuliza spreyi ya nywele, unapaka juu yake rangi yenyewe, kisha unalowesha kwa maji na kusugua kidogo. Spreyi inayeyuka, rangi ya juu inatoka vipandevipande, kutu inachungulia. Vumbi ni chaki iliyosagwa. Mwisho vanishi isiyong'aa, kwa sababu hakuna kinachoifichua plastiki kama mng'ao.

Kuna na hesabu. Mwanasesere wa ukubwa huu ni moja ya sita ya mtu, kwa hiyo mkwaruzo wa milimita moja kwake ni milimita sita kwako. Sisi tunaoanza wote tunakosea hapo. Askari wangu wa kwanza alionekana kama aliyeburutwa na lori kutoka Chalinze.

Lakini nikaja kugundua kwamba kosa kubwa si la vipimo. Ni la sarufi, na hapa ndipo niliposhawishika kuandika kwenye blogu ya fasihi jambo ambalo pengine lingefaa blogu ya watu wenye gundi vidoleni.

Kiswahili ni tajiri ajabu kwa uchakavu. Kanga huchujuka, shati hupauka, ukuta hubambuka, bati hushika kutu, sufuria hubonyea, soli hulika, mkeka hufumuka, goti huchubuka. Kila kitu kina namna yake ya kuzeeka na kila namna ina kitenzi chake. Fundi mbaya ana kitenzi kimoja tu, kuchakaa, naye anakipaka kila mahali: tope la kwenye buti ni lilelile la kwenye kola, bega limefifia sawasawa na goti. Fundi mzuri anauliza maswali kwanza. Huyu anashika bunduki kwa mkono upi? Basi kiganja hicho ndicho kilichosugua kitako. Anabeba begi? Basi chini ya mkanda wa begi sare haijapauka, jua halikufika. Hupiga goti lipi? Sheperd Paine wa Chicago, ambaye kitabu chake cha mwaka 1980 kililea kizazi kizima cha waunda mandhari ndogo, alishikilia kwamba kazi hizi ni za kusimulia hadithi kabla hazijawa za kupaka rangi. Mwandishi yeyote wa hadithi fupi angemwelewa bila tafsiri.

Sasa viangalie vitenzi vile tena. Bambuka, chubuka, toboka, chanika, pasuka. Tulifundishwa shuleni: kauli ya kutendwa inamkaribisha mtendaji, *dirisha limevunjwa na Juma*. Kauli ya kutendeka haimkaribishi, *dirisha limevunjika*, basi. Huwezi kusema *limevunjika na Juma*. Sarufi yenyewe inamfungia Juma mlango. Na wanasesere wengi waliochakazwa ninaowaona mtandaoni, hata wale waliofanywa kwa ustadi wa kunitia wivu, wanazungumza kwa kauli hiyo ya pili. Sare imechanika. Uso umechubuka. Kofia imetoboka. Na nani? Kimya. Vita imekuwa hali ya hewa, kitu kinachonyesha tu.

*Marwencol* ni mahali nilipoona kauli ikibadilika.

Kwa wasioijua: Mark Hogancamp ni mtu wa Kingston, jimbo la New York. Usiku wa Aprili 8, 2000, akiwa baa, aliwaambia watu aliokutana nao humo kwamba hupenda kuvaa mavazi ya kike. Alipotoka nje, wanaume watano walimpiga mpaka wakamwacha karibu na kufa. Alikaa siku 9 bila fahamu, na siku 40 hospitalini kwa jumla. Alipozinduka, kumbukumbu za maisha yake ya nyuma zilikuwa zimefutika. Naona nimeshaanza, zilikuwa zimefutwa. Alijifunza upya kutembea, kula, kuandika. Kabla ya hapo alikuwa mlevi, na mchoraji mwenye mkono mzuri. Hamu ya pombe haikurudi, na mkono nao ukawa unatetemeka mno kuchora.

Matibabu yalipoishia njiani kwa kukosa fedha, akaanza kujitibu uani kwake. Alijenga mji wa kubuni wa Ubelgiji ya wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa kipimo cha moja ya sita, akitumia mabaki ya mbao na chochote alichokipata. Jina Marwencol limeunganishwa kutoka Mark, Wendy na Colleen. Wanasesere wengi humo ni watu anaowafahamu: majirani, wafanyakazi wenzake, marafiki. Yeye mwenyewe ni Kapteni Hogie, rubani wa Kimarekani aliyeanguka na ndege yake karibu na mji, akabaki, akafungua baa. Na wapo SS, wanaomteka na kumpiga, na wapo wanawake wa mji wanaokuja na bunduki kumwokoa. Kila tukio analipanga, analipiga picha, na picha zile, jamani, ukionyeshwa bila kuambiwa ni za wanasesere utakaa nazo kidogo kabla hujashtuka.

Kuna kipande kimoja ambacho ningependa kila mwandishi wa hadithi akione. Hogancamp anatembea kando ya barabara, mtu mzima kabisa, magari yanampita, naye anaburuta nyuma yake jipu dogo la kijeshi lililopakia wanasesere. Analiburuta ili matairi yalike.

Hebu lifikirie hilo kwa macho ya fundi. Matairi yale angeweza kuyazeesha mezani kwa dakika kumi kwa msasa na chaki, na hakuna mtazamaji wa picha ambaye angemkamata. Yeye anayapeleka barabarani, kilomita kwa kilomita, mpaka lami ifanye kazi yake. Uchakavu wa tairi lile umetokana na mwendo uliotembewa kweli, na aliyeutembea ana jina. Ni mtu aliyelazimika kujifunza kutembea akiwa na karibu miaka arobaini. Ukilijua hilo huwezi tena kuitazama picha ya jipu kama picha ya jipu.

Na ni katika matembezi hayo ndipo David Naugle, mpiga picha aliyekuwa akiishi maeneo yaleyale, alimwona, akataka kujua huyu ni nani na anafanya nini. Kupitia kwake picha zikafika jarida la *Esopus*, mwaka 2006 zikatundikwa kwenye ukumbi wa White Columns mjini New York, na baadaye zikawa filamu. Matairi ndiyo yaliyomleta msomaji wa kwanza. Siwezi kutunga mfano mzuri kuliko huo wa kwa nini ukweli wa kitu kidogo unastahili taabu yote ile.

Malmberg anastahili sifa kwa subira yake. Haiharakishi kamera. Anaishusha mpaka usawa wa macho ya wanasesere, kisha anaturudisha kwa Hogancamp, mikono yake mikubwa ikihangaika na mkanda wa kofia ya chuma isiyozidi saizi ya ndimu. Filamu nzima haifiki saa moja na nusu na hakuna dakika niliyotaka ipunguzwe. Lakini nina ugomvi naye.

Sababu ya kupigwa haitajwi mwanzoni. Tunajua alipigwa na tunajua na wangapi. Kwa nini alipigwa, tunacheleweshwa mpaka filamu imekwenda mbali, na hapo ndipo kabati linafunguliwa tuone viatu vya kike, jozi kwa jozi, visigino virefu vimepangwa kama vitabu. Wapo wanaosema huo ndio ustadi wenyewe: mtazamaji ameshampenda mtu kabla hajapata nafasi ya kumhukumu. Nilipoitazama mara ya kwanza, chuo kikuu, kwenye kompyuta ya kuazima, nilikubaliana nao kabisa, tena nililitetea hilo mbele ya watu. Safari hii limenikera. Hogancamp alilisema jambo lake mwenyewe, waziwazi, kwa watu asiowajua, na kwa kulisema akalipa gharama ile. Filamu ikalichukua na kulifanya siri, ili iwe na kitu cha kufichua. Kuna namna ya kusimulia ambayo inamheshimu mtazamaji kwa gharama ya anayesimuliwa, na sidhani kama Malmberg alikuwa na nia mbaya hata kidogo, ila ndivyo ilivyotokea. (Ilivyotokea! Ndivyo alivyofanya.)

Mwaka 2018 Robert Zemeckis akaja na *Welcome to Marwen*, Steve Carell akiigiza nafasi ya Hogancamp. Ilianguka vibaya sokoni na wahakiki hawakuionea huruma. Sina haja ya kuipiga mtu aliyeshalala chini, na kuna mambo mawili matatu ndani yake niliyoyapenda. Kinachonishangaza ni kwamba ukiipima kwa kipimo changu cha sarufi, inafaulu kuliko dokumentari. Chuki iliyompiga mtu huyu inatajwa bila kuzungushwa. Kuna mahakama, kuna siku ya hukumu, kuna maelezo ambayo mwathirika anatakiwa kuyasoma mbele ya waliomdhuru. Watendaji wako pale wamekaa kwenye viti.

Na bado haifanyi kazi. Nilirudia mara mbili kutafuta sababu, na nadhani iko kwenye ngozi. Wanasesere wa Zemeckis wametengenezwa kwa kompyuta juu ya miili na nyuso za waigizaji. Wanakonyeza, wanakimbia, wanang'aa. Mng'ao uleule ambao kila mtoto wa kazi hii anafundishwa kuuficha kwa vanishi, pale umewashiwa taa. Hakuna mkono uliowahi kuwafunga kifungo. Risasi zinawatoboa, wanaanguka, wanainuka, na hakuna kinachobaki juu yao cha kuonyesha kwamba jana ilikuwepo. Kwa Hogancamp mji uko nje, uani, mvua inaunyeshea na theluji inaufunika, na tope la kwenye gurudumu ni tope. Zemeckis alipata majina yote ya watendaji akapoteza kitenzi.

Kwa hiyo nadharia yangu ndogo ya kauli haitoshi peke yake, na ningekuwa mwongo nikiacha kusema kwamba hata Hogancamp mwenyewe anaitatiza.

Watu waliompiga amewavalisha sare za SS. Nani asingefanya hivyo? Katika ghala zima la maovu ya karne iliyopita, sare ile ndiyo inayojieleza haraka kuliko zote. Lakini ndio ubaya wake. SS ni adui aliyekuja tayari, kama kovu la G.I. Joe lilivyokuja tayari kutoka kiwandani: huhitaji kuuliza ametoka wapi. Waliompiga Hogancamp hawakuwa SS. Walikuwa wanaume wa baa ya mtaani, watu ambao saa moja kabla walikuwa wakiongea naye. Sare inawahamisha. Inawafanya wageni waliovamia mji kutoka nje, wakati ukweli wa kutisha zaidi ni kwamba hawakuvamia kutoka popote, walikuwa wamekaa humohumo. Mtendaji yupo kwenye sentensi, ndiyo, ila amevalishwa.

Upande wa pili, wanawake wanaomwokoa, wenye bunduki na visigino, wananitatiza kwa namna nyingine. Katika picha nilizoziona, nyuso zao mara nyingi ni safi kama walivyotoka dukani. Wanaume wa Marwencol wanavuja damu na kuchafuka; wanawake wanaua watu na poda haitoki. Ni ndoto ya mtu aliyehitaji kuokolewa, na kwenye ndoto mwokozi hachoki. Naielewa. Naiona pia kama sehemu pekee ya mji ule ambayo brashi haikufika.

Sina haki ya kumvua Hogancamp sare zake. Huenda ndizo zinazomwezesha kulala, na mimi nimelala salama kitandani kwangu nikihakiki. Ila sare zile nilizitambua, kwa sababu nimewahi kuzishona.

Miaka yangu ya kwanza ya uandishi wa habari nilitumwa kwenye tukio mtaa mmoja hapa Dar es Salaam. Kijana amepigwa mpaka amekufa, anatuhumiwa kuiba simu. Nilifika asubuhi, damu imeshamwagiwa mchanga, watoto wanapita na sare za shule. Nilikusanya nilichokikusanya, nikasimama pembeni nikampigia mhariri na kumsomea sentensi ambayo kila msomaji wa gazeti la Kiswahili anaijua kabla hajalifungua: amefariki dunia baada ya kushambuliwa na wananchi wenye hasira kali.

Mama mmoja aliyekuwa anakaanga vitumbua hatua chache kutoka pale alinisubiri nikate simu.

"Mwanangu, hao wananchi ndio kina nani?"

Nikamwambia, "Mama, majina siruhusiwi kuyataja. Mpaka mahakama."

"Sijakwambia utaje majina. Nimekuuliza wananchi ndio kina nani. Hapa tunakaa majirani."

Akageuza vitumbua vyake. Sikuwa na jibu, na habari ilitoka kesho yake kama nilivyoisoma kwenye simu, aya nne, ukurasa wa ndani.

Majina kweli nisingeweza kuyaandika. Kuna sheria na kuna sababu nzuri za sheria hiyo, watu husingiziwa. Lakini neno *majirani* ningeweza. Lilikuwa kweli, halimkashifu yeyote, na lilikuwa limesemwa mbele yangu na mtu aliyekuwepo. Ama halikunijia, ama lilinijia nikaliona halina uzito wa gazeti. Wananchi wenye hasira kali ni sare. Ukiwavalisha watu sare hiyo wanakuwa kikosi kilichotoka mahali fulani, kikafanya jambo, kikaondoka. Hakuna anayefikiria kwamba mmoja wao ndiye alimkopesha marehemu jembe wiki iliyopita. Tena tazama ile hasira, imewekwa mbele kama kovu la shavuni, kwa ajili ya kuwatambulisha tu, imetoka kiwandani. Hakuna aliyeuliza ilitoka wapi, mimi nikiwa wa kwanza.

Tunazo nyingi za namna hiyo kwenye chumba cha habari. Gari limeacha njia. Vurugu zimezuka. Fedha zimepotea. Risasi imefyatuka. Risasi za Kiswahili cha magazeti zinafyatuka zenyewe kuliko risasi za lugha yoyote. Nimekaa na wahariri wazuri, waungwana, wasomi wa Kiswahili hasa, na hakuna aliyewahi kunirudishia sentensi ya aina hiyo kwa kalamu nyekundu. Makosa ya upatanisho wa kisarufi, ndiyo, hayo yanarudishwa.

Kuelekea mwisho wa dokumentari, Kapteni Hogie naye anaanza kujenga mji. Mwanasesere anatengeneza wanasesere wadogo kuliko yeye, anawapanga, anawapiga picha, ili apate nafuu ya yale aliyotendewa na SS. Nilipoiona zamani nilicheka kwa furaha, nikaiona kama mchezo wa werevu, kioo ndani ya kioo. Sasa naona kazi tu. Mtu ameanza upya na vipimo vimezidi kuwa vidogo, na huko nako itabidi aamue nani avae nini.

Askari wangu wa Karume nilimmaliza Jumapili iliyopita. Nimemchora kovu juu ya jicho la kushoto, nikijua safari hii limetoka wapi: ukingo wa mlango wa gari, usiku, dereva mwenzake amefunga breki. Nimempausha mabega isipokuwa chini ya mkanda. Kiganja cha kulia nimekisugua mpaka plastiki. Kwa viwango vya watu wa video zile ni kazi ya wastani, lakini nimeridhika nayo.

Jambo moja tu. Nilipoanza kumtengeneza, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuchukua msasa niondoe alama za meno kwenye lile buti lililotafunwa, maana ziliharibu picha ya vita niliyokuwa nayo kichwani. Nilisugua jioni mbili. Hazikutoka zote, meno yalikuwa yamezama, nikaziba kwa tope la chaki na kuendelea.

Binti wa dada yangu, ana miaka sita, alikuja kunisalimia akamkuta juu ya meza. Alimshika, akamgeuza, akapita juu ya kovu na juu ya bega bila kusimama, mpaka akafika kwenye buti. Akalisugua tope kwa kidole gumba.

"Mjomba, nani alimng'ata huyu?"

Nikamwambia ni mtoto fulani, huko Ulaya au Marekani, zamani, mimi simjui. Akaniuliza anaitwa nani.